Windows 10 na Windows 11: maswali tunayoulizwa kila siku mezani kwetu, Mwanza

Tangu Oktoba 2025 ni nadra siku kuisha bila mtu kuingia na laptopu kwapani akiuliza kama ni lazima apige windo mpya, yaani asakinishe Windows 11. Wengine wanatoka Igoma na Buhongwa, wengine chuoni Malimbe, wengine wameshuka na meli ya Nansio na wanataka kurudi nayo. Wengi wameshatishwa na tangazo lililojitokeza kwenye skrini, au na mtu aliyewaambia mashine yao sasa ni skrepa. Majibu yetu sisi mafundi wa kompyuta ni haya. Ukiwa na haraka, soma peke yake swali la kama mashine yako inaikubali Windows 11, linalohusu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Hilo ndilo linaloamua. Mengi ya yaliyobaki ni mazoea ya macho.

Nimeambiwa Windows 10 imekufa. Mashine yangu itazima?

Haizimi. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuacha kuihudumia maana yake ni kwamba hawatoi tena bure, kwa kila mtu, viraka vya kuziba matundu ya usalama. Mashine inawaka kama jana, Word inafunguka, printa inachapa. Ila tundu jipya likigundulika leo, wezi wa mtandaoni watalijua na wewe hutakuwa na kiraka.

Hatari hiyo hailingani kwa watu wote. Mwalimu anayeandalia mitihani kwenye mashine isiyoguswa na intaneti ana muda wa kutosha kujipanga. Steshenari inayopokea flashi ya kila mpita njia, inayofungua barua pepe za wateja na kujaza maombi ya kazi kwa akaunti za watu, haina muda huo. Ukiwa na steshenari, usisubiri.

Wanaouliza kuhusu antivirusi: Defender iliyomo ndani ya Windows 10 itaendelea kuletewa taarifa za virusi wapya hadi Oktoba 2028. Ni jambo jema, lakini kumtambua kirusi na kuziba tundu alilopitia ni kazi mbili tofauti.

Nitajuaje kama mashine yangu inaikubali Windows 11?

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Utafunguka ukurasa wenye mistari mingi; tafuta ulioandikwa Processor. Kwa prosesa za Intel za Core, angalia namba inayofuata kistari. i5-6300U inaanza na 6, kwa hiyo ni kizazi cha sita. i5-7200U ni cha saba. i5-8250U ni cha nane. Ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Kuna vighairi vichache mno, na sisi bado hatujakutana na mteja mwenye kimojawapo.

Kwa AMD, usikisie. Ryzen za namba 2000 baadhi zimo kwenye orodha ya Microsoft na baadhi hazimo, ingawa jina linafanana. Pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, bonyeza kitufe cha kukagua, nayo itakwambia ndiyo au hapana pamoja na sababu.

Tunalikazia hili kwa sababu ya soko letu. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini hapa ni za mtumba, zilizotumika maofisini ng'ambo, na modeli moja inakuja kwa vizazi tofauti. Chukua HP EliteBook 840: G3 ni kizazi cha sita, G4 ni cha saba, zote mbili hazimo. G5 ndiyo watu wanaambiwa "hii inakubali", na nyingi ni kizazi cha nane kweli, lakini G5 nyingine zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba. Kibandiko kilichopo pembeni mwa kibodi hakitakusaidia hapo, kwani kinang'oka na kingine kinabandikwa. Washa mashine, fungua msinfo32 mbele ya muuzaji, soma mwenyewe. Asiyetaka uiwashe, mshukuru uondoke.

Prosesa ikishapita, kuna masharti mengine: RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, diski ya GB 64, kichipu cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na mashine iwe inaweza kuwaka kwa njia ya kisasa iitwayo UEFI, yenye kinga ya Secure Boot. Windows 10 ilikubali RAM ya GB 1 kwa toleo la biti 32 na GB 2 kwa la biti 64. Kwa TPM, rudi kwenye Windows na R, andika tpm.msc, usome toleo upande wa chini kulia. Ikisema haipo, usikate tamaa mara moja: mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Zima mashine, iwashe huku ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa ThinkPad, kisha tafuta kwenye sehemu ya Security.

Ukurasa ule ule wa msinfo32 una mstari wa BIOS Mode. Ukikuta neno Legacy, aliyekupigia windo aliipiga kwa njia ya zamani. Kuna amri ya mbr2gpt inayogeuza mpangilio wa diski bila kufuta mafaili, lakini hatuigusi kabla mteja hajanakili vitu vyake pembeni, na wewe usiiguse.

Kwa nini wameweka masharti makali hivi? Si wanataka tununue mashine mpya?

Biashara haikosekani. Lakini sababu ya kiufundi nayo ipo. TPM inatunza funguo za siri mahali ambapo programu ya kawaida haifiki, na Windows 11 kwenye mashine mpya huwasha tangu mwanzo kinga inayotenga sehemu nyeti za mfumo na programu nyingine. Windows 10 ilikuwa nayo kinga hiyo, ila kwa kawaida ilikuja imezimwa. Prosesa za zamani zikiwashiwa kinga hiyo zinapungua mwendo waziwazi.

Nikiwasha Windows 11, nitaona nini kipya?

Kwanza utatafuta kitufe cha Start na hutakikuta kushoto. Kimehamia katikati. Kukirudisha: bofya kulia kwenye upau wa chini, ingia Taskbar settings, kisha Taskbar behaviors, uchague Left. Wateja wetu karibu wote wanaomba hilo kabla hawajauliza bei.

Start yenyewe imepoteza vile vigae vilivyokuwa vikibadilika picha. Badala yake kuna programu ulizozibandika juu na mafaili ya karibuni chini. Kwa steshenari, hayo mafaili ya karibuni ni aibu inayosubiri wakati: mteja anayefuata anaona jina la barua ya aliyetangulia. Yazime kwenye Settings, Personalization, Start.

Linaloudhi zaidi ni bofyo la kulia. Ukibofya kulia kwenye faili, orodha ni fupi, na amri za kunakili na kukata zimegeuka vialama vidogo. Amri za programu nyingi za zamani zimejificha nyuma ya mstari wa Show more options. Shift pamoja na F10 inakupeleka huko moja kwa moja.

Mazuri pia yapo, na tuyaseme. Dirisha la mafaili sasa lina vichupo kama vya kivinjari, kwa hiyo folda ya wateja na folda ya flashi zinakaa dirisha moja. Windows pamoja na Z inakuonyesha namna za kugawa skrini, nusu kwa nusu au robo kwa robo. Anayenakili matokeo ya wanafunzi kutoka PDF kwenda Excel hatataka kurudi nyuma. Notepad ina vichupo, na ukiifunga bila kuhifadhi, ukirudi unakuta maandishi yako. Umeme wetu unavyojua kuondoka bila kuaga, hicho kidogo kina thamani. Programu ya kupiga picha ya skrini inarekodi na video.

Halafu kuna Copilot, msaidizi wa akili bandia. Inahitaji intaneti, na usipoihitaji iondoe kama programu nyingine yoyote.

Kuna vilivyoondolewa?

Vipo. Toleo la biti 32 halipo kabisa. WordPad iliondolewa kuanzia toleo la 24H2, yaani la nusu ya pili ya 2024. Internet Explorer haipo; tovuti ya zamani inayoidai inafunguliwa ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft, kwa hali maalumu. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, uwezo wa kuuhamishia upau wa chini juu au pembeni mwa skrini ulikatwa, na waliozoea walinuna. Zile habari za kufungua programu za Android kwenye kompyuta, zilizotangazwa kwa mbwembwe, zilifungwa Machi 2025.

Mashine yangu ina GB 4 tu. Itakuwa nzito?

Itakuwa nzito. Sharti linasema GB 4 na mfumo utawaka, lakini ukifungua Chrome na Word kwa pamoja utaanza kusubiri. Sisi tunashauri GB 8. Na kabla ya RAM, angalia diski: kama bado ni ile inayozunguka na kutoa mlio, weka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kwanza. Mabadiliko ya SSD mteja anayaona siku hiyo hiyo, iwe amebaki Windows 10 au amehama.

Itakula bando kiasi gani?

Faili la usakinishaji la Windows 11 linazidi GB 5, bila kuhesabu masasisho yanayofuata. Ukilipakua kwa bando la simu usiku kucha na mtandao ukasuasua, umepoteza hela na usingizi. Leta mashine, au leta flashi tupu isiyopungua GB 8 tukutengenezee uende nayo. Kwa watu wa visiwani hii ndiyo njia tunayoipendekeza daima.

Ukishahama, ingia Settings, Network & internet, fungua mtandao unaotumia na uwashe Metered connection. Masasisho mengi makubwa yatasubiri badala ya kujichotea. Ofisi yenye mashine kadhaa iwashe Delivery Optimization kwa mashine za mtandao wa ndani: moja ikishapakua, nyingine zinachukua kwake. Windows 10 ina vyote viwili, kwa hiyo hapa hakuna mshindi.

Tofauti ya kweli ni siku ya kwanza. Windows 10 ilikuruhusu kuanza bila intaneti, kwa jina tu na paswedi. Windows 11 Home (toleo la nyumbani) inadai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa, na Pro (toleo la kikazi) ya matumizi binafsi imefuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo jiandae na akaunti yako mwenyewe. Swali linalofuata litakuonyesha kwa nini tunasema yako mwenyewe.

Skrini imekuwa ya bluu, inadai namba ndefu ya BitLocker. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, lakini unaweza kupoteza kila kitu kama hujui namba iko wapi. Kati ya tofauti zote za mifumo hii miwili, hii ndiyo imewaliza watu wengi mezani kwetu.

Ukisakinisha Windows 11 upya kuanzia toleo la 24H2 na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi husimba diski nzima zenyewe, yaani huifunga kwa ufunguo wa siri; kinga hiyo ndiyo BitLocker. Mwizi akiiba laptopu na kung'oa diski, hasomi kitu. Windows 10 ilifanya hivyo kwa mashine chache tu. Ukihama kutoka Windows 10 kwa kusasisha juu kwa juu, usimbaji haujiwashi wenyewe. Tunazungumzia usakinishaji mpya.

Siku fundi anapobadilisha bodi, anaposasisha BIOS au kuzima TPM bila kujua, mfumo unashtuka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa mashine. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, ingia, linganisha kitambulisho cha ufunguo na kilichoandikwa kwenye skrini ya bluu, kisha andika zile tarakimu.

Sasa fikiria laptopu ya mtumba. Aliyeiandaa ni muuzaji, akatumia akaunti yake mwenyewe kwa vile mteja hakuwa nayo au alisahau paswedi. Ufunguo upo kwa muuzaji. Miaka miwili baadaye bodi inasumbua, muuzaji amehama fremu na namba yake haipatikani. Picha, hesabu za kikundi, tasnifu ya mtoto, vyote vimefungwa, na hakuna fundi Mwanza wala Dar es Salaam atakayevifungua bila zile tarakimu. Anayekwambia anaweza, anataka nauli yako.

Kwa hiyo ukinunua, ingia Settings, Privacy & security, Device encryption. Ikiwa imewashwa na akaunti si yako, izime, usubiri imalize kufungua diski, ingia kwa akaunti yako, kisha uiwashe tena ukipenda. Andika tarakimu hizo kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati za nyumbani. Usizihifadhi ndani ya laptopu hiyo hiyo. Tumeyaona.

Printa yangu na programu ya duka zitafanya kazi?

Kwa kawaida printa iliyofanya kazi Windows 10 inafanya kazi 11, draiva ni zile zile. Programu za biti 32 zinaendelea kufunguka. Mifumo inayoingilika kwa kivinjari, kama NeST ya manunuzi ya serikali, haijali uko Windows 10 au 11. Programu za enzi za DOS ndizo hazifunguki, na shule moja moja bado zinazo za ada. Hizo zinabaki kwenye mashine yao ya zamani, mbali na intaneti.

Wenye steshenari wachunge kitu kimoja. Mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda ya kompyuta bila paswedi inaweza kugoma ghafla. Windows 11 Pro kuanzia 24H2 haikubali tena kuunganishwa kama mgeni asiye na jina. Tengeneza mtumiaji mwenye paswedi na umwandike kwenye mipangilio ya fotokopi.

Fundi anasema anaweza kuipiga 11 hata kwenye kizazi cha sita. Anadanganya?

Hadanganyi. Programu kama Rufus inatengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na mfumo unawaka vizuri. Asichokwambia ni kwamba Microsoft hawajaahidi kuipa mashine hiyo masasisho, na toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe. Utarudi kwake kila mara. Tena kuanzia 24H2, mashine kongwe sana zisizo na amri fulani za prosesa haziwaki kabisa hata kwa ujanja huo.

Kwa mashine ya kutazamia filamu na kuandikia kazi za chuo tunafanya, mteja akishaelewa. Kwa mashine ya hesabu za duka au zahanati tunakataa.

Basi nibaki Windows 10. Kuna namna halali?

Ipo. Microsoft walifungua mpango wa viraka vya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, wa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipia dola 30, au unatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukikubali mipangilio ya mashine yako inakiliwe kwenye akaunti ya Microsoft. Wengi wetu hapa njia ya tatu ndiyo inayotufaa. Mashine lazima iwe na Windows 10 toleo la 22H2. Kiungo cha kujiunga kinatokea ndani ya Windows Update. Leseni moja inatosha mashine hadi 10 za akaunti moja. Makampuni yana mpango wao, dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka unaofuata.

Njia nyingine ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Tunaiweka kwa anayetumia kivinjari na kuandika tu. Haifai kwa anayetegemea Excel yenye makro au programu ya uhasibu ya Windows.

Mimi nina Windows 11 tayari. Hayanihusu?

Andika winver kwenye kisanduku cha Windows na R. Kama inasema 21H2, 22H2 au 23H2 na ni Home au Pro, muda wake wa viraka umeshakwisha, sawa na Windows 10. Kila toleo la 11 la Home na Pro hupewa miezi 24 tu. Mafundi wengi wanatembea na flashi waliyoitengeneza 2022, kwa hiyo mtu analipia mfumo mpya uliokwisha muda. Dai 25H2.

Leseni je?

Windows 10 halali inahama bure, Home kwenda Home, Pro kwenda Pro. Laptopu nyingi za mtumba za maofisini zina leseni ya Pro ndani ya bodi yenyewe, na aliyekutoza hela ya "kuaktiveti" mashine hiyo amekutoza bila sababu. Funguo za Windows 7 zimekataliwa tangu 2023. Vile vijiprogramu vya kuaktiveti kwa kificho ndivyo vinavyoleta nusu ya virusi tunavyosafisha, kwetu haviingii.

Umeme ukikatika katikati ya kuhama?

Laptopu yenye betri nzima itamaliza. Ya mezani iwe na UPS, betri ya akiba ya nje. Mfumo ukikatizwa, mara nyingi hujirudisha ulikotoka, lakini hiyo mara nyingi si kila mara. Na ukihama usipoipenda, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery, mafaili yako yakiwa palepale. Zikipita, kurudi ni kusakinisha upya.

Nikija, nije na nini?

Chaja yako. Barua pepe na paswedi ya akaunti ya Microsoft, na simu yenye laini inayopokea namba za uthibitisho, kwa sababu zitatumwa ukiwa umekaa hapo. Diski ya nje au flashi kubwa ya kunakilia mafaili, na kama huna tutakuazima nafasi hadi kazi iishe. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, mkifika asubuhi mnaondoka na mashine jioni. Wa Ukerewe pigeni simu kwanza, tuwaambie kama foleni ni ndefu.